Pikipiki ya kwanza kwa safari fupi: anza na barabara yako, si na ukubwa wa injini

Kilomita nne kwenda, kilomita nne kurudi. Mtu anayetafuta chombo cha umbali huo hudhani kazi ni nyepesi, kwamba chochote chenye magurudumu mawili kitamfaa, na swali pekee lililobaki ni la cc ngapi. Sivyo. Safari fupi huibana injini, huichosha betri, na humweka mwendeshaji mgeni katika mazingira magumu kuliko yote: makutano, matuta, magari yanayokata kona ghafla, kusimama na kuondoka kila baada ya mita chache. Anayekwenda kilomita mia moja kwenye barabara kuu anaweza kukaa dakika nyingi bila kugusa gia wala breki. Wewe wa kilomita nne utazigusa mara kadhaa kabla injini haijapata joto.

Ndiyo maana naomba uanze na njia yako. Ipite siku moja kwa miguu au ukiwa abiria, uitazame kwa macho ya mtu aliye juu ya pikipiki. Pale penye kasi zaidi, magari yanakwenda mwendo gani? Kuna mlima? Lami inaishia wapi, na mashimo yana kina gani? Chombo utakiegesha wapi, na je, itakubidi ukisukume kwa mikono kila asubuhi kukitoa? Utabeba nani, au utabeba nini? Ukishayajibu hayo, nusu ya pikipiki zilizopangwa dukani zitakuwa zimejiondoa zenyewe, na muuzaji atapata shida kukuvuta kwenye zile zilizobaki bila sababu.

Cc zinasema nini, na hazisemi nini

Cc ni ujazo wa silinda, yaani nafasi ambayo pistoni huipita inapopanda na kushuka. Injini yenye nafasi kubwa hupokea hewa na petroli nyingi zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwa kawaida hutoa nguvu zaidi. Basi. Namba hiyo haikuambii chombo kina uzito gani, kiti kiko juu kiasi gani, breki zake zikoje, wala nguvu zake zinakuja taratibu au kwa kishindo. Kwa anayeanza, mambo hayo manne yana uzito kuliko cc.

Hata hivyo kasi inahitaji hesabu ndogo. Skuta nyingi za cc 50 zinazouzwa Ulaya hufungwa kwa sheria zisivuke kilomita 45 kwa saa. Chombo cha cc 110 hufika 85 au 90, cha 125 hukaribia 100, na cha 150 huvuka 100. Sasa chukua safari ya kilomita tano. Kwa mwendo wa 60 bila kusimama, ni dakika tano. Kwa mwendo wa 40, ni dakika saba na nusu. Tofauti ni dakika mbili na nusu, na taa nyekundu mbili tatu zinaimaliza yote. Hakuna injini itakayokufikisha mapema kwenye foleni.

Kasi ya juu ina faida moja tu kwako, nayo ni akiba. Kama njia yako ina kipande ambacho magari yanakwenda 70, chombo kinachoishia 50 kitakugeuza kizuizi, na madereva watakupita kwa karibu na kwa hasira. Chombo kinachofika 90 kitakwenda hiyo 70 bila kulia, na kitabaki na nguvu ya kukutoa mahali pa hatari. Mimi hupima hivi: chukua kasi ya magari kwenye kipande chenye kasi zaidi, ongeza 20, kisha tafuta chombo kinachofika hapo bila kukamuliwa. Kwa watu wengi wa safari fupi jibu huwa cc 110 hadi 125. Penye mlima mkali na abiria wa kila siku, 150 ina sababu. Zaidi ya hapo unanunua kitu cha kazi nyingine.

Na hapa sitalegeza neno. Pikipiki ya mashindano ya cc 600 ina uzito wa kilo 190 hivi na nguvu za farasi zaidi ya 110, na gia yake ya kwanza peke yake inaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa. Mkono wa mgeni bado haujui kuachia mafuta pale gurudumu linaporuka kwenye shimo. Badala ya kuachia, hukaza. Kwenye chombo cha farasi 8 kosa hilo ni mshtuko. Kwenye kile cha farasi 110 ni hospitali. Anayekuambia "nunua kubwa, utaizoea" hatakuwepo siku hiyo.

Injini isiyopata joto

Jambo hili wauzaji hawalisemi, na ndilo linalotofautisha pikipiki ya safari fupi na nyingine zote. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huacha takriban lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Mwingi hutoka kwenye ekzosi, lakini kiasi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushukia kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Injini ikipata joto la kutosha, maji hayo na petroli hiyo huvukizwa vikatoka. Ukiizima baada ya dakika saba, vinabaki. Kesho vinaongezeka. Ukifungua kifuniko cha oili cha pikipiki iliyoishi maisha hayo unaweza kukuta utando mzito wenye rangi ya maziwa upande wa ndani. Hayo ni maji yaliyochanganyika na oili, na oili ya namna hiyo hailindi chuma sawasawa.

Ekzosi nayo hubaki na maji ndani, ikaoza kutoka ndani kwenda nje, na mwenyewe hushangaa siku inapotoboka wakati kwa nje inang'aa. Betri inapata mateso yake: kila ukibonyeza kitufe cha kuwasha, inatoa umeme mwingi kwa mkupuo, kisha inapewa dakika chache tu za kuurudisha, nyingi kati ya hizo ukiwa umesimama kwenye foleni ambapo jenereta ya pikipiki huzalisha kidogo.

Kuna mambo mawili ya kuchukua hapa. La kwanza linahusu ununuzi: injini ndogo inayopozwa kwa hewa, yenye oili ya lita moja hivi au pungufu, hupata joto mapema kuliko injini kubwa yenye rejeta na lita tatu za oili. Kwa hiyo udogo kwenye safari fupi ni sifa, hata kama pesa ya kubwa unayo. La pili linahusu matunzo: badilisha oili kwa kuhesabu miezi, usingoje kilomita. Vitabu vya watengenezaji huwa na ratiba ya kawaida na ratiba ya matumizi magumu, na safari fupi za kila siku ziko kwenye matumizi magumu. Mara moja kwa wiki mpe chombo chako nusu saa ya mwendo usiokatika. Kama una uchaguzi kati ya kabureta na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, chukua wa pili. Huwaka vizuri injini ikiwa baridi na haukulazimishi kuvuta choki kila asubuhi. Kabureta ina uzuri wake wa kutengenezeka na fundi yeyote, na kama unaishi mbali na fundi mwenye vifaa vya kupimia, hilo ni jambo la kuzingatia.

Na pendelea injini yenye kiki pembeni ya selfu. Siku betri itakapokuacha, utajua kwa nini nasema hivi.

Mkono wa kushoto

Vyombo vya daraja hili vimegawanyika katika makundi matatu, na tofauti kubwa iko kwenye kazi ya mkono wa kushoto.

Kundi la kwanza ni pikipiki ya kawaida: klachi mkononi, gia mguuni, ya kwanza chini na nyingine juu. Kinachowatesa wageni hapa ni pale klachi inapoanza kushika. Achia haraka, injini inazima au pikipiki inaruka. Achia nusu ukiwa umeongeza mafuta kidogo, chombo kinaondoka kama maji. Eneo hilo la nusu klachi linajifunzwa na mkono wenyewe, halielezeki kwa maneno, na huchukua siku kadhaa za kurudia katika uwanja mtupu. Ukishalipata, una zawadi: unaweza kutembea polepole kuliko mtu wa miguu bila kuyumba, na kwenye mteremko injini inakusaidia kushika breki. Betri ikifa unasukuma, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, inawaka.

Kundi la pili lina gia lakini halina mkono wa klachi. Baba wa kundi hili ni Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958 na ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini kimeifikia. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka chombo ambacho mpeleka chakula angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umebeba mzigo. Suluhisho lilikuwa klachi inayojishika yenyewe injini inapoongeza mzunguko na kujiachia inapopungua, na ambayo pia huachia kila unapokanyaga gia. Injini haizimi mikononi mwako kwenye makutano. Ila soma mpangilio wa gia kabla ya kuondoka, kwa sababu nyingi za kundi hili hupanda gia kwa kukanyaga mbele na hushuka kwa kukanyaga nyuma, kinyume na mazoea ya pikipiki ya kawaida.

Kundi la tatu ni skuta. Hakuna gia za kuchagua. Ndani ya boksi la pembeni kuna puli mbili na mkanda kati yake. Puli ya mbele ina roli ndogo nzito ambazo, inapozunguka kwa kasi, husogea kuelekea nje na kuibana puli, mkanda ukapanda juu. Puli ya nyuma ikafunguka, mkanda ukazama. Hivyo uwiano hubadilika wenyewe bila ngazi. Wewe unazungusha mafuta na kushika breki, tena kwenye skuta nyingi breki zote mbili ziko mikononi, kama baiskeli.

Ni rahisi, na urahisi huo ndio unaowafanya watu wasijifunze mambo mawili ambayo skuta inayadai. Kwanza, kwenye mwendo mdogo sana klachi ya ndani inaachia na chombo kinakuwa kama kinaelea, hakuna injini inayokishika. Mgeni akikata kona kali akiwa ameachia mafuta kabisa, skuta huanza kuangukia ndani. Dawa yake ni kubakiza mafuta kidogo na kukokota breki ya nyuma kwa wakati mmoja, ili mkanda uendelee kuvuta na wewe uendelee kudhibiti. Pili, skuta inayonguruma haipaswi kusukumwa. Hutokea hivi: mtu anashuka, injini ikiwa bado inawaka, anashika mpini wa kulia na kuivuta ili aigeuze. Mkono unapovuta, unazungusha mafuta. Skuta inakurupuka mbele, yeye anazidi kukaza ili isimponyoke, na kukaza huko ndiko kunakoongeza mafuta. Pikipiki ya gia ingekuwa imewekwa bila gia na isingekwenda popote. Kwa skuta, zima kwanza, ndipo ushuke, ndipo usukume.

Ukiniuliza yupi kati ya watatu, nitarudi kwenye njia yako. Lami nzuri, kusimama kwingi, mzigo wa begi na mvua ya mara kwa mara: skuta, kwa sababu ya sakafu ya kuwekea miguu, kinga ya mbele na nafasi chini ya kiti. Barabara mchanganyiko na matunzo ya gharama ndogo: aina ya Cub, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo lenye busara kwa watu wengi zaidi ya wanavyofikiria. Kama nia yako ni kuendelea hadi pikipiki kubwa baadaye, au mahali unapoishi leseni ya chombo cha otomatiki hairuhusu cha gia, jifunze kwenye klachi tangu mwanzo. Uliza ofisi ya leseni kabla hujalipa chochote. Nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, zina daraja la A1 linaloishia cc 125 na kilowati 11, na masharti hutofautiana mahali na mahali.

Neno la pembeni kuhusu oili, maana linaharibu klachi nyingi. Kwenye pikipiki ya klachi na kwenye Cub, klachi imelowa kwenye oili ileile ya injini. Oili inayotakiwa ina alama ya JASO MA kwenye chupa, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi hiyo inaishi kwa msuguano, itaanza kuteleza. Skuta, ambayo klachi yake ni kavu na iko nje ya oili, hutumia JASO MB.

Magurudumu, kiti na uzito

Gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita juu. Skuta za kizamani zina rimu za inchi 10, nyingi za leo ni 12, zingine 14, na aina ya Cub na pikipiki za kawaida ni 17. Isitoshe, injini ya skuta kwa kawaida imefungwa pamoja na gurudumu la nyuma na hucheza nalo, kwa hiyo kila tuta linanyanyua uzito wote huo kabla shokapu haijafanya kazi. Kwenye lami laini hutagundua. Kwenye barabara ya mashimo mgongo utagundua ndani ya wiki moja. Kama njia yako imechakaa na bado unataka skuta, tafuta ya inchi 14 na usikubali ya 10.

Kuhusu kiti, watu hudhani lazima nyayo zote mbili zilale chini. Kwa chombo cha kilo 100, sehemu ya mbele ya kila wayo inatosha. Skuta na Cub nyingi zina kiti cha milimita 740 hadi 780. Pikipiki za kawaida za cc 125 huzunguka 780 hadi 800. Zile za porini zinaweza kuvuka 850, na hizo ni taabu kwa mgeni mfupi kwenye makutano yenye mteremko. Usipime kwa kukaa tu dukani. Kaa, kisha jisukume kinyumenyume kwa miguu. Shuka, tembea nayo ikiwa imezimwa, uigeuze upande wa kushoto na wa kulia. Iweke kwenye stendi kubwa mwenyewe, bila msaada. Kitu usichoweza kukiweka kwenye stendi ukiwa umetulia dukani hutaweza kukiweka ukiwa umechoka usiku.

Breki ndizo za kulipia

Kama una pesa ya kuongeza mahali pamoja tu, isiende kwenye injini. Iende kwenye breki.

Kwa mwendo wa 40 unapita mita 11 kila sekunde. Kwa 60 ni karibu mita 17. Sekunde moja ya kwanza, ile ya kuona na kuelewa, inapotea kabla mkono haujafika kwenye breki. Kisha, kwenye lami kavu na breki nzuri zote mbili, 40 inahitaji kama mita 9 kusimama na 60 inahitaji kama mita 20. Jumlisha: mita 20 dhidi ya mita 37. Nyongeza ya nusu ya mwendo imekaribia kuzidisha umbali mara mbili, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili.

Unapofunga breki, uzito wa chombo na wako hulalia mbele. Tairi la mbele linabanwa kwenye lami na kushika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuburuta. Kwenye kusimama kwa nguvu, sehemu kubwa ya kazi, asilimia 70 au zaidi, inafanywa na breki ya mbele. Lakini wageni wengi wamefundishwa kuiogopa, eti itawarusha juu ya usukani. Wanatumia ya nyuma peke yake, gurudumu linafungwa, chombo kinateleza ubavu. Au wanaikamata ya mbele kwa mkupuo kabla uzito haujahamia, tairi likafungwa likiwa bado jepesi. Kinachotakiwa ni kuibana kwa hatua: shika kidogo, subiri usikie pua imeinama, kaza. Fanya hivyo kwenye uwanja mtupu tena na tena, kwa mwendo wa 20, kisha 30, hadi vidole vifanye bila kuamriwa.

Teknolojia inasaidia. Mfumo uitwao CBS hugawa nguvu ya mkono mmoja kwenye magurudumu yote mawili, hivyo anayekimbilia breki ya nyuma anapewa na ya mbele kidogo. ABS ni bora zaidi: hutambua gurudumu linapokaribia kufungwa, huachia na kukaza tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, tairi likaendelea kuzunguka. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2016 kudai ABS kwenye aina mpya za pikipiki zinazovuka cc 125, na ABS au CBS kwa ndogo zaidi. India ilifuata, na tangu Aprili 2019 sharti la namna hiyo linahusu pikipiki zote mpya. Kwenye vyombo vidogo ABS mara nyingi iko gurudumu la mbele tu, na hilo halinisumbui, maana la mbele ndilo linaloangusha watu. Kati ya cc 150 bila ABS na cc 125 yenye ABS kwa bei ileile, sioni hoja ya kuchukua ya kwanza.

Kwenye bajeti hiyohiyo weka helmeti kabla hujachagua chombo, si baada. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Angalia lebo ya kiwango ndani yake, kwa mfano ECE 22.06, na hakikisha ukiifunga na kuivuta kutoka nyuma kwenda mbele haivuki kisogo. Wanaosema "ni hapo karibu tu" wajue kwamba Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, walipochunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki huko Los Angeles na kutoa ripoti mwaka 1981, waliona nyingi zimetokea kwenye safari fupi, muda mfupi baada ya kuondoka. Kisa kilichojirudia zaidi kilikuwa gari kumkatia njia mwendesha pikipiki ambaye dereva hakumwona. Hicho ndicho kisa cha makutano, na makutano ndiyo njia yako.

Je, ya umeme?

Kwa safari fupi, chombo cha umeme kina hoja nzito. Mota haijali joto, haina oili ya kuchafuka, haina plagi, na kusimama mara kwa mara hakuisumbui. Skuta ndogo ya umeme hutumia takriban saa-wati 30 hadi 40 kwa kilomita, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 2 itakupa kilomita 50 hadi 60 za kweli. Namba kubwa zaidi kwenye tangazo hupatikana kwa mwendo wa polepole usiobadilika na mtu mmoja mwepesi.

Swali lake ni moja: betri italala wapi? Kama una soketi mahali unapoegesha, vizuri. Kama unaishi ghorofani, betri lazima itoke, na betri ya kutoka huwa na uzito wa kilo 10 hivi, wa kupandishwa ngazi kila siku. Kuna miji yenye vituo vya kubadilishana betri, mfumo ambao kampuni ya Gogoro iliuanzisha Taiwan mwaka 2015. Penye vituo hivyo tatizo linakwisha. Jihadhari na betri za risasi na asidi kwenye vyombo vya bei ya chini, maana ni nzito na huchoka baada ya kuchajiwa mara mia chache. Lithiamu ya aina ya LFP (yenye chuma na fosfeti) huvumilia mara nyingi zaidi na haipatwi na moto kirahisi. Na kabla ya kununua, uliza bei ya betri ya akiba na kama ipo dukani leo. Muuzaji asiye na jibu amekujibu.

Mpya au ya mkononi

Anayeanza ataiangusha, pengine akiwa amesimama tu. Kwa sababu hiyo ya mkononi iliyotunzwa ina mantiki: mkwaruzo wa kwanza hauumi. Chagua muundo ambao mafundi wa eneo lako wanaufahamu na vipuri vyake viko kwenye rafu, hata kama hauvutii machoni.

Nenda kuiona injini ikiwa baridi, na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa ubavu wa injini. Ikiwa ya moto, kuna jambo kwenye kuwaka kwa asubuhi ambalo hakutaka ulione. Fungua kifuniko cha oili utazame ule utando wa maziwa. Iwashe na usimame nyuma: moshi wa samawati usioisha ni oili inayoungua ndani ya silinda, na hiyo ni kazi ya kufungua injini. Iweke kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, kisha geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukisikia unanasa kidogo pale katikati, beringi za shingo zimekula. Kwenye cheni, vuta pingili kutoka kwenye meno ya nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno hadi uone mwanga, cheni na sproketi zote zinabadilishwa pamoja. Kwa skuta uliza mkanda ulibadilishwa lini, kwa sababu watengenezaji wengi hutaka ubadilishwe kila kilomita elfu 20 hadi 25 hivi, na ukikatika njiani hakuna kusukuma kutakakoiwasha. Linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Mwisho piga magoti pembeni ya tairi. Tafuta neno DOT ubavuni na ufuate maandishi hadi tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kiboksi cha mviringo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pikipiki iliyotembea kidogo huweza kuwa na matairi yenye meno marefu ambayo mpira wake umekauka na kuwa mgumu, hauishiki lami yenye maji. Pitisha ukucha kwenye ubavu uone kama kuna nyufa ndogondogo. Zikiwepo, au tairi likiwa limevuka miaka kumi, toa bei ya matairi mawili mapya kwenye bei unayotajiwa, na yafungwe kabla hujaipeleka barabarani.